Kinyesi cha Saa Kumi

Shikamooni wazee, vijana, hamjambo. Naanza na saa. Wanaonijua hapa Kisumu washachoka nayo, wavumilie tena.

Isospora ni kimelea cha utumbo wa ndege, na oosisti ni vifuko vyake vidogo vinavyotoka na kinyesi. Ndege waimbaji hawatoi oosisti za Isospora sawasawa siku nzima. Wanazimwaga alasiri. Inadhaniwa ni kwa vile jua kali na ukavu huziua, basi kimelea kinangoja jua lilegee. Mwanafunzi wangu mmoja, hayupo leo, ama amejificha huko nyuma, alitega nyavu msitu wa Kakamega alfajiri. Akanasa shore wengi, kila mmoja katika mfuko wake wa kaki, na kabla ya chai ya saa nne alishapata kinyesi na kuwaachilia. Wiki mbili kwenye hadubini, hola! Akaniandikia kwa furaha: "Mwalimu, shore wa Kakamega ni wazima." Nikamjibu: bwana, umebisha hodi dukani kabla halijafunguliwa, kisha unatangaza kijiji hakina sukari. Akarudi pale pale, saa kumi jioni. Oosisti tele.

Naona mama mmoja anatikisa kichwa: kuku wetu wanahara damu, wewe unahangaika na shore! Mama, ugonjwa wa kuku wako ni Eimeria, binamu wa Isospora. Oosisti moja ya Eimeria ina sporosisti nne, yaani vifuko vya ndani, kila moja sporozoiti mbili, ndivyo vijimelea vyenyewe. Isospora ina sporosisti mbili, kila moja sporozoiti nne. Zote jumla nane, ndiyo maana mwenye haraka hukosea. Na huwezi kuhesabu kitu kabla hazijakomaa: ziweke katika kemikali ya potasiamu daikromati ya asilimia 2.5, sahani pana, hewa iingie. Usikaze kifuniko kana kwamba unahifadhi njugu.

Sasa kinachonikera. Mtafiti Mfaransa Labbé alitoa jina la spishi lacazei mwaka 1893, na kwa miongo mingi Isospora yoyote ya ndege mdogo ikabandikwa jina hilo. Ni kama kumwita kila mwanamume wa Kisumu Otieno. Ukitaka kusema umepata spishi mpya, pima oosisti makumi, si tatu ulizozipenda. Chora ukuta wake, chora kile kifundo cha Stieda kwenye ncha ya sporosisti, halafu linganisha na zilizokwisha elezwa kutoka familia ile ile ya ndege.

Nawasikia watu wa DNA wakiguna. Leteni DNA, naitaka. Lakini shore mmoja anaweza kubeba spishi mbili kwa pamoja. Hizo herufi zako ni za ipi kati yake? Bila picha na vipimo hujui.

Picha zipelekwe makumbusho, kwa sababu oosisti huharibika. Ndege naye atambuliwe vizuri. Kuhusu kuchagua jina la Kilatini nilikuwa na slaidi sita, lakini mwenyekiti ananionyesha saa. Ngapi? Kumi kasorobo? Basi funga mashine hiyo, nyavu ziko nyuma ya jengo. Nani amekuja na mifuko?