Teke la Haraka, Dubwana Zito: Filamu za Kichina za Miaka ya 1970 na Karakana za Kijapani

Ndugu wasikilizaji, karibuni. Ninaposema filamu za Kichina jioni hii, nina maana ya Hong Kong, iliyokuwa bado chini ya Uingereza, pamoja na Taiwan. Huko ndiko madubwana ya mpira na mashujaa wenye kofia za kung'aa walikozungumza Kichina kati ya mwaka 1975 na 1977.

Kila anayeziandika filamu hizi huanza na neno "kuiga", na hakosei. Shujaa Ultraman alianza kuonekana kwenye televisheni ya Japani Julai 1966, mwenzake Kamen Rider Aprili 1971, na studio ya Shaw Brothers ya Hong Kong ikatoa The Super Inframan mwaka 1975. Ukimtazama shujaa yule mwekundu, wazazi wake unawajua. Lakini kuiga sura ni kazi ndogo. Hong Kong iliagiza mafundi wenyewe, kisha ikagundua kwamba ufundi wao unagombana na kitu ambacho watazamaji wake walikipenda kuliko vyote, yaani kasi ya ngumi na mateke. Ugomvi huo ndio mada yangu, na unaanzia kwenye kamera.

Chukueni dubwana la mita 50. Linachezwa na mtu ndani ya vazi la mita 2, kwa hiyo majengo yote yanajengwa kwa uwiano wa 1 kwa 25. Kitu kikianguka kutoka mita 50 huchukua sekunde 3.2 hivi kufika chini. Kikianguka kutoka mita 2 huchukua sekunde 0.64. Jicho linaijua tofauti hiyo hata kama mwenye jicho hajasoma fizikia, na ukuta unaobomoka upesi huonekana kisanduku tu. Dawa yake ni kuharakisha kamera kwa kipeuo cha pili cha uwiano. Kipeuo cha pili cha 25 ni 5, na 5 mara 24 ni picha 120 kwa sekunde. Ukizionyesha kwa kasi ya kawaida ya 24, ukuta unaporomoka polepole na unapata uzito.

Gharama yake si ndogo. Mkanda wa mita 300, ambao kwa kawaida hutosha dakika 11, unakwisha kwa dakika 2 na sekunde chache. Kila picha inapata mwanga kwa moja ya tano tu ya muda wake, kwa hiyo unahitaji taa mara 5. Tena majengo madogo yakiwa na sehemu zisizo kali yanajisema kuwa ni madogo, hivyo lazima ubane tundu la lenzi linalopitisha mwanga, tuseme kutoka kipimo cha f/4 hadi f/8, na hapo mwanga unaozidi kuhitajika ni mara 4 zaidi. Zidisheni: mara 20. Na chini ya taa hizo yuko mtu aliyefungwa ndani ya mpira na sponji, anayeona kupitia vitundu vya shingoni. Vazi la kwanza la Godzilla, la mwaka 1954, lilikuwa na uzito wa kilo 100 hivi, na mchezaji alikaa ndani dakika chache tu kwa kila mara.

Sasa geukeni upande wa pili. Hong Kong ilikuwa na mazoea ya kupunguza kasi ya kamera wakati wa mapigano, hadi picha 22 au hata 20 kwa sekunde, ili teke liruke upesi zaidi kwenye skrini. Dubwana linataka 120, teke linataka 20. Ukimpiga picha dubwana kwa kasi ya teke, unapata mtu aliyevaa godoro. Ukimpiga picha mpiganaji kwa kasi ya dubwana, anaonekana anaogelea.

Mwongozaji wa Inframan, Hua Shan, na mpigapicha wake Tadashi Nishimoto, Mjapani aliyekuwa amezoea kabisa studio za Hong Kong, walilikwepa tatizo badala ya kulitatua. Kwa maoni yangu walifanya vyema. Karibu mapigano yote ni ya watu wa kimo cha kawaida, kama katika Kamen Rider, na ukubwa wa majitu umewekwa kwa kiasi kidogo, hasa pale buibui anapokua na Inframan naye akakua kumkabili. Angalieni mgawanyo wa mavazi pia. Madubwana makuu yana mikono ya kuchimbia na mizizi inayonyumbulika, mavazi mazito kutoka karakana ya Kijapani iliyohusika na Kamen Rider, kwa hiyo yanasimama, yanageuka, yanatishia. Wanaopinduka hewani ni askari wa mifupa, ambao wamevaa nguo nyepesi za kubana zilizochorwa mifupa, nguo ambayo mtu anaweza kuruka nayo kutoka kwenye trampolini bila kuvunjika shingo. Danny Lee, aliyecheza shujaa, anaonekana uso kabla ya kubadilika. Baada ya hapo kofia inafunika, na mtu yeyote hodari anaweza kuingia ndani. Uhuru huo studio iliupenda mno.

Miaka miwili baadaye studio ileile ikaingia kwenye njia ngumu. The Mighty Peking Man, ya Ho Meng-hua, ilitoka mwaka 1977 kufuata vumbi la King Kong wa 1976. Hapa hakuna kukwepa, nyani ni mkubwa tangu mwanzo. Akaitwa Sadamasa Arikawa kutoka Japani, mtu wa timu ya madoido, yaani hila za picha, ya Godzilla tangu 1954, na kati ya wasaidizi wake alikuwamo Koichi Kawakita. Mtengeneza mavazi alikuwa Keizo Murase, na ndiye aliyevaa vazi mwenyewe katika tukio la mwisho la kuungua na kuanguka. Jengo analopanda nyani ni Connaught Centre, lile lenye madirisha ya mviringo lililokamilika mwaka 1973. Lilikuwa chaguo la busara, kwani madirisha ya duara yanatambulika mara moja hata yakiwa madogo.

Sehemu za majengo zimefanikiwa. Udhaifu uko kwenye picha za binadamu mbele ya skrini, ambako filamu iliyokwisha kupigwa inarushwa kutoka nyuma ya skrini wakati waigizaji wanacheza mbele yake. Mambo matatu huharibika hapo. Shata, yaani vilango vya mwanga, ya projekta na ya kamera zisipofunguka pamoja, picha inapepesa. Katikati ya skrini pana mng'ao kuliko kingo. Na mandhari ya nyuma, kwa kuwa ni picha ya picha, inapauka na chembe zake zinakuwa kubwa. Moto na maji nayo hayakubali kudogoshwa: tone la maji halipungui kwa sababu bahari imepungua, hata ukiharakisha kamera.

Taiwan nako kulikuwa na njia ya mkato: kununua vipande vya Kamen Rider na kuunganisha waigizaji wa kwao katikati. Chembe za picha hazilingani, rangi ya anga inabadilika teke likiwa bado hewani. Siipotezei muda.

Iliyo bora ni War God ya mwaka 1976, ambamo sanamu ya Guan Yu, jemadari wa kale anayeabudiwa na Wachina, inakua jitu na kupambana na watu wa Mirihi. Madoido yake aliyasimamia Koichi Takano, mtu wa Ultraman. Babu yake kisinema ni Daimajin wa 1966, sanamu ya shujaa inayoamka, katikati ya majengo ya uwiano wa 1 kwa 2.5 tu, ambapo kamera inahitaji picha 38 kwa sekunde na si 120. Aliyecheza Daimajin, Riki Hashimoto, ndiye yule Suzuki anayepigana na Bruce Lee katika Fist of Fury ya 1972. Guan Yu amepewa ndevu ndefu na kanzu, na nguo ni mtihani: kitambaa kizito mno hakipepei, chepesi mno kinapepea kama leso.

Tuzime taa sasa, tuone kipande cha War God. Msitazame uso wa Guan Yu. Tazameni pindo la kanzu kila anapokanyaga, halafu vumbi linachukua muda gani kutua.