Saa ya Mizunguko Kwanza, Spana Baadaye

Assalaam alaykum, mafundi na manahodha.

Boti ya jeti, inayosukumwa na pampu ya maji badala ya rafadha, ikipoteza mwendo, wengi hukimbilia kufungua injini. Kazi ya bure hiyo, kama hujasoma saa ya mizunguko, ile inayoonyesha injini inazunguka mara ngapi kwa dakika.

Boti ya rafadha ikijaa abiria, injini hulemewa na mizunguko hushuka. Impela ya jeti, yaani feni ya pampu, imo ndani ya bomba lake, na mzigo wa boti hauigusi sana. Kwa hiyo pampu ni mizani ya injini. Tafuta maji matulivu, vuta resi hadi mwisho, andika namba, linganisha na kitabu cha mtengenezaji. Msidharau pengo dogo: nguvu hufuata kipeo cha tatu cha mizunguko, kwa hiyo ikishuka kwa asilimia 10, zaidi ya robo ya nguvu imeshapotea.

Mizunguko ikipanda kupita kiasi na boti haiendi, iacheni injini. Pampu haishiki maji. Huku Paje na Jambiani, Zanzibar, mshukiwa wa kwanza ni taitai (vikamba vya kufungia mwani) na kamba za mwani zilizojifunga kwenye shafti. Zima, chomoa ufunguo, ndipo uingize mkono. Wa pili ni mchanga. Maji yakipwa siku za bamvu, ukiwasha penye kina cha magoti unaufyonza; subiri walau sentimita 90. Mchanga hula ncha za mabawa na ringi inayoizunguka impela. Pima mwanya kati ya bawa na ringi kwa fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia), kila bawa, pande zote. Pampu ndogo ikiwa mpya huwa na milimita 0.3 hivi, ukikaribia 1, ringi imekwisha.

Mizunguko ikikaa chini, na impela ni ileile ya siku zote, na shafti inazunguka laini kwa mkono, hapo sasa ni injini. Anza na petroli, maana yetu husafiri kwa madumu na maji huingia. Mimina ya kwenye filta katika chupa safi, ngoja dakika 10. Maji yatakaa chini. Halafu plagi, halafu kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda: injini ya moto, plagi zote nje, umeme wa plagi na wa mafuta umekatwa, resi wazi. Silinda yenye kompresheni ya chini itie kijiko cha oili. Ikipanda, ringi za pistoni zimechoka; isipopanda, angalia valvu au gasketi.

Injini ikikimbia vizuri kisha ikajipunguza yenyewe, pima joto. Injini nyingi za jeti hupozwa kwa maji ya pampu hiyohiyo, na mchanga uliokula ringi ya impela ndio unaoziba njia za maji hayo.