Likizo na Mbwa Huku Kusini: Nyumba Ipi, Njia Ipi, Mwezi Gani

BAKARI: Kuchele, wasikilizaji! Leo tunajibu swali la mama mmoja wa Dar es Salaam. Ana mbwa wawili wakubwa, wamekulia ndani ya geti, shamba hawalijui. Anataka kupanga nyumba huku kwetu, Mtwara au Lindi, ya likizo, mahali palipotulia, asubuhi atoke na mbwa wake atembee mpaka miguu iseme basi. Dada Somoe, niliposikia ule ujumbe nilicheka kwanza.

SOMOE: Ulicheka nini?

BAKARI: Huku mtu akipita na mbwa alfajiri watu wanajua anakwenda kuwinda. Panya, ndezi, chochote. Sasa umwambie mzee wa kijijini kwamba huyu anatembea tu, halafu anarudi kula chakula cha kununuliwa...

SOMOE: Atashangaa siku ya kwanza, ya pili atamsalimia. Watu wa kusini hawana neno. Na biashara yenyewe ipo duniani muda mrefu. Uingereza kuna nyumba za shamba zinazotangazwa kwa watu wenye mbwa kabisa. Wanakuandikia uzio una kimo gani, mbwa wangapi wanapokelewa, njia za miguu ziko wapi.

BAKARI: Na huko wanawafungulia tu mbwa wakimbie?

SOMOE: Thubutu! Kule England, kwenye maeneo ya wazi ambayo sheria inaruhusu kila mtu kutembea, kuanzia tarehe 1 Machi hadi 31 Julai mbwa ni lazima awe kwenye kamba isiyozidi mita 2. Ndege wanataga chini miezi hiyo. Na penye mifugo, kamba mwaka mzima. Kwa hiyo huyu mama asidhani kuwa shamba maana yake hakuna utaratibu.

BAKARI: Haya, tuanze na nyumba yenyewe, maana hapo ndipo watu wanapokosana. Mimi ni mtoto wa Mikindani. Nikiwa na nyumba ya kupangisha, ukiniuliza kama mbwa wanaruhusiwa, nitakujibu ndiyo, karibu. Lakini kichwani kwangu nimeona mbwa uani, chini ya mwembe. Wewe kichwani kwako umeona mbwa kwenye kochi. Tumekubaliana mambo mawili tofauti.

SOMOE: Hapo hasa.

BAKARI: Na si ukorofi. Sisi wa pwani wengi ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi. Mate ya mbwa ni najisi, chombo alicholamba kinaoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Kumfuga kwa ulinzi au kuwinda inakubalika, hakuna anayemchukia mnyama. Lakini sahani yangu, mkeka wangu wa kuswalia, baraza wanapokaa wageni wangu, hapo usiniletee mbwa. Kwa hiyo mama, usiulize kama mbwa wanaruhusiwa. Uliza atalala wapi, atakula kwenye chombo gani, na ni chumba gani asikanyage. Na vyombo vya mbwa utoke navyo kwako.

SOMOE: Na shuka la kumtandikia. Mimi ninafuga, ninajua, manyoya yanaingia hata kwenye chumvi. Nyongeza yangu ni uzio. Nyumba nyingi za mashambani huku zina ua wa makuti au michongoma. Mbuzi anauheshimu, mbwa wa mjini anapita katikati kama upepo. Omba picha ya ua wote, kona zote nne, siyo picha ya machweo.

BAKARI: Picha ya machweo wote wanayo!

SOMOE: Sasa mahali. Mimi ninasema Newala.

BAKARI: Nilijua.

SOMOE: Nisikilize. Mbwa hana jasho kama lako, anapoa kwa kuhema. Ukimtembeza Mtwara mjini saa nne asubuhi unamtesa. Newala uko juu ya uwanda wa Makonde, zaidi ya mita 600 kutoka usawa wa bahari, usiku unajifunika blanketi. Barabara za udongo mwekundu na mchanga zinapita katikati ya mikorosho, kivuli kila upande. Halafu unafika ukingoni, pale Shimo la Mungu, ardhi inakatika, unaona bonde la Ruvuma lote na Msumbiji ng'ambo.

BAKARI: Hapo kamba mkononi.

SOMOE: Kamba mkononi na uzungushe mara mbili. Mbwa akiona nyani kule chini hakuulizi.

BAKARI: Na maji? Uwanda wa Makonde una historia ndefu ya shida ya maji. Yanapandishwa kwa pampu kutoka mabondeni, na pampu ina siku zake. Mbwa wawili wakubwa wanakunywa sana. Muulize mwenye nyumba kama ana tangi au kisima cha maji ya mvua, na kama limejaa.

SOMOE: Hilo ni la kweli, siwezi kulikataa.

BAKARI: Ndiyo maana mimi ninasema Mikindani. Ni kama kilomita 10 tu kutoka Mtwara mjini, duka la dawa karibu, samaki wapo. Asubuhi unapanda kilima nyuma ya Boma, lile la Wajerumani la mwaka 1895, unashuka upande wa ghuba wakati maji yamekupwa. Halafu kwa kutembea na mbwa, Mikindani ina historia yake. Livingstone alianzia hapo safari yake ya mwisho, mwaka 1866, akiwa na ngamia, nyati wa kufugwa, punda, na kambwa ka manyoya ya kujisokota kaitwako Chitane.

SOMOE: Nyati wa nini?

BAKARI: Alitaka kuona kama wanyama hao watahimili mbung'o. Hawakufika mbali. Chitane ndiye alitembea muda mrefu, mpaka Januari 1867, akazama wakati wanavuka kinamasi, huko ambako leo ni Zambia. Mzee aliandika kwa uchungu kweli.

SOMOE: Basi usimwambie mama wa watu hadithi hiyo kabla hajalipia nyumba! Lakini mbung'o si hadithi. Ukiingia mapori ya ndani, upande wa Liwale na Nachingwea, wapo, na mbwa wanaugua ndorobo vibaya. Anapata homa, anakonda, macho yanaweza kuingia ukungu mweupe. Kwa likizo ya kutembea sioni sababu ya kumpeleka mbwa huko.

BAKARI: Na ufukwe wa Msimbati? Watu wote wanautaka.

SOMOE: Msimbati ni pazuri, ila pamo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Ndani ya hifadhi usiende na mbwa bila kuuliza ofisi yao kwanza. Kasa wanataga kwenye mchanga, na mbwa ana pua. Kiota kizima anakifukua dakika chache. Upande wa mto wenyewe ndiyo usijaribu, Ruvuma ina mamba.

BAKARI: Tusiwasahau Lindi, watatununia.

SOMOE: Lindi ninapenda Kitunda, ng'ambo ya maji, na vilima vya Rutamba kwa mtu anayetaka kijani. Msituni mbwa abaki kwenye njia, kwa sababu kuna mitego ya nyaya. Haichagui, inakaza tu.

BAKARI: Au umpeleke Tendaguru, kule yalikochimbwa mabaki ya mijusi wakubwa wa kale, dinosaria, akatafute mifupa.

SOMOE: Amechelewa. Wajerumani walichimba 1909 mpaka 1913, mjusi mwenyewe amesimama Berlin, ana kimo cha mita 13 na ushee. Mbwa gani ataumaliza mfupa ule?

BAKARI: Tuje kwenye mwezi. Mimi ningesema Juni au Julai, baridi kidogo, mvua imeisha.

SOMOE: Wote wanasema hivyo, na kwa pwani ni sawa. Kwa shambani hapana. Fikiria Juni, Julai mkulima wa korosho anafanya nini?

BAKARI: Anapuliza salfa.

SOMOE: Anapuliza salfa! Mikorosho inatoa maua, ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu, unaingia, na ile salfa ya unga hupulizwa alfajiri wakati kuna umande na upepo umelala. Ndiyo saa ileile mama anatoka na mbwa wake. Mbwa pua iko chini, inavuta vumbi lile lote, macho yanawasha, anarudi nyumbani anajilamba miguu.

BAKARI: Na kuna wanaopuliza dawa za maji pia, za wadudu.

SOMOE: Hizo mbaya zaidi. Kwa hiyo akija miezi hiyo, jioni yake amuulize mwenye nyumba, kesho nani anapuliza, upande gani. Kijijini inajulikana, mashine yenyewe inasikika kijiji kizima. Siku hiyo watembee jioni.

BAKARI: Basi aje Oktoba, Novemba.

SOMOE: Msimu wa kuokota?

BAKARI: Ahaa.

SOMOE: Korosho zimeanguka chini, ndiyo fedha ya mwaka mzima ya watu. Mgeni anapita chini ya mikorosho ya mtu saa kumi na mbili asubuhi na mbwa wawili wakubwa. Wewe ungemwonaje?

BAKARI: Ningemfuata nyuma na rungu, kwa heshima.

SOMOE: Sasa ongeza mabibo, yale matunda ya mkorosho. Yameanguka, yamelala juani, yamechacha. Mbwa anapenda tamu, anakula moja, anakula kumi. Pombe ni sumu kwa mbwa, anayumba, anatapika, akizidisha anaweza kufa. Na akitafuna korosho bichi yenye ganda, yale mafuta ya ganda yanachoma. Waulize kina mama wanaobangua, vidole vinatoka malengelenge. Sasa hiyo ni mdomoni.

BAKARI: Kuanzia Desemba mvua, mpaka Aprili hivi. Nyasi ndefu, kupe, tope, na kifutu amelala njiani hasogei.

SOMOE: Kwa hiyo uwandani umebaki na mwanya mdogo. Mwisho wa Agosti kuingia katikati ya Septemba. Upulizaji umekwisha au unaelekea kwisha, kuokota hakujashika kasi, usiku bado una ubaridi. Nyasi zimekauka, unaona unapokanyaga. Huo ndio mwezi wangu. Na ming'oko, vile viazi vya porini, inakuwa sokoni, mama ale vizuri wakati mbwa wamelala.

BAKARI: Ming'oko na chumvi, na chai ya rangi. Unanipa njaa, dada.

SOMOE: Turudi. Chanjo.

BAKARI: Hapa tusitanie. Mbwa wa vijijini watakuja kuwanusa hawa wageni, na wengine wanazurura bila chanjo. Kichaa cha mbwa dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Kwa hiyo mbwa wachanjwe mapema, siyo siku ya safari, na cheti kiwe kwenye gari. Mtu aking'atwa au kukwaruzwa, aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu hospitali siku hiyohiyo akapate sindano. Asingoje kuona mbwa ataendaje.

SOMOE: Na kabla ya kuondoka Dar apite kwa afisa mifugo aulize kuhusu kibali cha kusafirisha wanyama. Njiani ni kama kilomita 560 mpaka Mtwara. Basi halifai kwa mbwa wawili wakubwa. Gari binafsi, mtoke usiku wa manane, Daraja la Mkapa mlivuke jua halijawa kali. Mkifika Mnazi Mmoja ya Lindi, wa Mtwara ananyoosha, wa Masasi na Newala anaweza kukata kulia. Msimwache mbwa kwenye gari lililofungwa hata kama mnakwenda kununua maji tu.

BAKARI: Kwa hiyo tumwambieje, Newala au Mikindani?

SOMOE: Septemba, Newala. Juni na Julai, kwako Mikindani, ila matembezi yaishe kabla ya saa mbili asubuhi, na jioni aweke kiganja kwenye mchanga kwanza. Ukimchoma yeye, utamchoma mbwa.

BAKARI: Nimeshinda miezi miwili, umeshinda mmoja. Na akifika, kabla hajafungua begi, aende kwa mwenyekiti wa kitongoji ajitambulishe, na mbwa wake awataje kwa majina. Watoto wakishajua majina, habari zitakuwa zimefika kila nyumba kabla ya magharibi.

SOMOE: Na kuku, Bakari. Hujataja kuku.

BAKARI: Mbwa akila kuku wa mtu?

SOMOE: Unalipa siku hiyohiyo, bei anayotaja mwenye kuku.

BAKARI: Hata akisema alikuwa jogoo wa mbegu?

SOMOE: Kuku akishaliwa na mbwa wa mgeni, siku zote alikuwa jogoo wa mbegu. Lipa.