Basi la watalii London: jibu kwa ndugu zangu wa Dodoma

Mbukwenyi! Wakubwa shikamooni, wadogo zangu mambo vipi.

Swali ni lile lile, kila video ikipanda linakuja, hata kama video inahusu bei ya mchele: "Kaka, lile basi la ghorofa lisilo na paa, nikija London nilipande au nisilipande?" Wengi wanaouliza ni watumishi wa serikali wa pale Mtumba wanaokuja kwenye mafunzo ya wiki moja, wanabakiwa na Jumamosi tu ya kutembea. Wengine ni wazazi, mama wa Kisasa au baba wa Nkuhungu anayekuja kumwona mjukuu. Haya, leo nalijibu. Na nawajua: nikitaja paundi mtasema naringa, nikisema ni ghali mtasema "rudi basi kama huko kugumu". Bei sikuzipanga mimi. Nazitaja ili mtu apige hesabu akiwa bado Dodoma, asije akapigia barabarani huku muuzaji amemshika mkono.

Kwamba unashuka unapotaka na kupanda linalofuata, hilo mnalijua, silirudii. Jibu langu, na ni langu, kila mtu ana mfuko wake na magoti yake: basi la watalii linunue kama una mzee asiyeweza kutembea sana, au kama unataka kusimuliwa mji huku umekaa. Kama shida yako ni kufika tu kwenye majengo na kupiga picha, mabasi ya kawaida ya namba yanapita karibu sehemu zote hizo, nayo yana ghorofa pia.

Hesabu ndiyo hii. Nakadiria paundi moja kwa shilingi 3,300, ninyi tazameni kiwango cha siku hiyo. Tiketi ya watalii ya siku moja kwa mtu mzima inacheza kati ya paundi 30 na 45, inategemea kampuni, msimu, na kama umenunua mtandaoni au kwa muuzaji aliyesimama njiani. Hiyo ni kama laki moja hadi laki moja na nusu, kichwa kimoja. Basi la kawaida, kwa nauli za 2025, ni paundi 1.75, na ndani ya saa moja tangu ulipogusa kadi mara ya kwanza unaruhusiwa kubadili mabasi bila kulipa tena. Ukipanda kutwa nzima, makato yanagota kwenye paundi 5.25, yaani elfu 17 na kitu. Mtoto chini ya miaka 11 hapa halipi.

Sasa sikilizeni hapa kwenye kadi, maana ndipo watu wanapokwama. Basi la kawaida la London halipokei pesa taslimu tangu 2014. Dereva hana chenji, hana tiketi, na ukimwonyesha noti anakuonyesha mlango. Unagusa kadi ya benki ya Visa au Mastercard yenye ile alama ya mawimbi. Kabla hujaondoka nenda benki yako uulize mambo mawili: kadi imefunguliwa kwa malipo ya nje ya nchi? Na kila muamala wa nje unakatwa kiasi gani? Kadi ya mtandaoni ya kwenye simu itakufaa kununulia tiketi kwenye tovuti, lakini usitegemee kuigusisha kwenye mashine ya basi. Kila abiria awe na kadi yake, na utumie ile ile kutwa nzima. Asubuhi ukigusa kadi na mchana ukagusa simu, mfumo unawahesabu watu wawili na kile kikomo cha makato hukifikii. Kwenye basi unagusa ukipanda tu, ukishuka hugusi. Kwenye treni za chini ya ardhi unagusa kuingia na kutoka. Kadi ikigoma kabisa, nunua Oyster, kadi ya usafiri ya London, kituo cha treni au kwenye maduka madogo yenye alama yake. Kadi yenyewe unailipia, na pesa hiyo hairudi.

Kwenye tiketi ya watalii, soma muda kabla ya bei. Kuna "siku moja" na kuna "saa 24", na watu wanazichukulia sawa. Ya siku moja inakufa basi la mwisho likiondoka, hata kama umepanda saa tisa alasiri. Ya saa 24 inaanza kuhesabiwa wanapoiskani mara ya kwanza. Ukianza saa saba mchana, unayo hadi saa saba ya kesho yake: nusu siku mbili kwa bei ya moja. Kwa mzee hii ndiyo inayofaa, anapumzika katikati. Na kampuni ni kadhaa, zinasimama vituo vilevile, nyingine rangi zinafanana. Tiketi ya huyu haipandi kwa yule. Muuzaji mwenye kizibao akikuita, muulize jina la kampuni na ulilinganishe na lililoandikwa ubavuni mwa basi kabla hujatoa kadi.

Hapa nitoke pembeni kidogo, kuna jambo linaniudhi. Kuna washauri huko nyumbani wanawaambia watu "nunua kabisa tiketi za matembezi, zitasaidia viza". Hapana. Serikali ya Uingereza yenyewe inashauri usilipie safari wala malazi kabla ya kupata majibu. Viza ya kutembelea ya miezi sita ada yake Aprili 2025 ilikuwa paundi 127, zaidi ya laki nne, na ukinyimwa hairudi. Alama za vidole ni Dar es Salaam. Nashukuru siku hizi kuna treni ya SGR, lakini nauli ni nauli, na majibu unayasubiri kawaida kama wiki tatu. Wanachotazama ni kama una kazi ya kurudia, pesa yako imetoka wapi, na nani anakugharimia. Barua ya mwajiri inayotaja cheo, mshahara na tarehe za likizo ina uzito, tiketi ya basi lisilo na paa haina. Halafu mtu akinyimwa, lawama kwa sisi tulioko huku, eti "hamtaki wenzenu waje". Tuendelee.

Yanayoharibika. La kwanza, basi la watalii linazunguka upande mmoja tu. Ukishuka Tower of London ukakumbuka umeacha kitu St Paul's, kituo cha nyuma, huwezi kurudi nalo. Ama uzunguke mji mzima, na mzunguko unaweza kula saa mbili hadi tatu kwa foleni za katikati ya mji, ama upande namba 15 kwa 1.75.

La pili, walinzi wa Mfalme. Gwaride la kubadilishana zamu Buckingham Palace kwa kawaida ni Jumatatu, Jumatano, Ijumaa na Jumapili, saa tano asubuhi. Barabara za pale zinafungwa, mabasi yanapindishwa. Jumapili ile barabara ya The Mall haipiti magari kabisa. Jumamosi nayo ina maandamano, mara nyingi Whitehall na Trafalgar Square. Basi likipindishwa, maelezo ya kurekodiwa yanapotea njia, maana yanafunguliwa na mahali basi lilipo: ama kimya, ama unasimuliwa jengo usiloliona. Ndiyo maana nasema kama Kiingereza unakisikia, chagua basi lenye msimulizi mtu. Ratiba ya kampuni huonyesha ni njia ipi ina mtu na ipi ina kinasa. Kiswahili kwenye orodha ya lugha usikitegemee.

Ukikaa, kabla hujatulia, chomeka hedifoni kwenye tundu la kiti na uzungushe kitufe hadi namba ya lugha yako. Matundu mengi yamechoka, yana maji ya mvua au yamelegea, sikio moja linaongea na jingine limekufa. Hama kiti hapo hapo basi likiwa bado halijajaa.

La tatu, Tower Bridge. Lile daraja la 1894 lenye minara miwili, ambalo wengi wanaliita London Bridge, bado linafunguka, na chombo cha majini kina haki kuliko gari. Likinyanyuka mnasubiri wote, hata basi la watalii. Vyombo vinatoa taarifa saa 24 kabla, kwa hiyo saa za kufunguka zipo kwenye tovuti ya daraja. Unayetaka kuliona likinyanyuka shuka ukalitazame ukiwa kando ya mto, maana ukiwa ndani ya basi unaona mgongo wa lori tu.

Sasa kwa anayetaka mabasi ya namba. Miongozo ya zamani inakwambia panda 11 kutoka Westminster hadi St Paul's. Njia zilibadilishwa 2023: 11 inaishia Waterloo, na safari ile inafanywa na 26. Kutoka Trafalgar Square panda 15 kuelekea Blackwall. Nenda juu, kiti cha mbele kabisa. Unapita Strand, Fleet Street, halafu kile kilima cha Ludgate Hill, kuba la St Paul's linajitokeza mbele yako, basi linakata kulia kidogo na kanisa zima linabaki kushoto, karibu kabisa na kioo. Hilo ndilo kanisa la Christopher Wren, lililoanza kujengwa 1675 baada ya moto wa 1666 kuteketeza la zamani. Mbele kidogo ni Monument, mnara wa kumbukumbu ya moto huo, ngazi 311, na urefu wake ni sawa na umbali hadi pale duka la mikate lilipowakia, mita 61 hivi. Kisha Tower. Kuvuka daraja, panda 78.

Tower of London kuingia ni ghali, karibu bei ya tiketi ya basi la watalii, na tiketi ya basi kwa kawaida haikuingizi popote, hilo pia watu wanashangaa mlangoni. Na anayeuliza kama almasi ya waridi ya Mwadui, ile iliyopatikana 1947 akapewa Princess Elizabeth kabla hajawa malkia, ipo humo ndani: haipo. Ile ilitiwa kwenye bruchi na ikabaki mali yake binafsi. Kubwa utakayoiona kwenye fimbo ya kifalme ni Cullinan, ya Afrika Kusini.

Kinachotuhusu sisi watu wa kati kipo kwingine, na wasimulizi wa mabasi wanakipita haraka. Westminster Abbey, sakafuni katikati ya kanisa, kuna jiwe jeusi la David Livingstone. Alizikwa hapo tarehe 18 Aprili 1874, na maandishi yanasema aliletwa na mikono minyofu juu ya nchi na bahari. Mikono hiyo ni ya watumishi wake, akina Chuma na Susi na wenzao, waliobeba maiti kutoka Chitambo, Zambia ya leo, wakapitia Tabora hadi Bagamoyo. Kuingia kitalii ni kama paundi 30, na Jumapili watalii hawaingii. Kusali ni bure, lakini ukienda kusali nenda kasali, hawakuruhusu kuzurura na kamera. Asiyetaka kulipa apande namba 9 kutoka Trafalgar Square kuelekea Hammersmith, akae juu upande wa kushoto. Mkikaribia Royal Albert Hall, kwenye ukuta wa Royal Geographical Society, utamwona Livingstone amesimama kwenye kishubaka. Na ng'ambo, ndani ya Kensington Gardens upande wa kaskazini, kuna nguzo ya mawe mekundu ya Speke, yule mpelelezi Mwingereza aliyepita Ugogo na mwenzake Burton mwaka 1857. Imeandikwa Victoria Nyanza na Nile, 1864. Kuitazama ni bure.

Anayetaka kupita ubalozini: ni Stratford Place, pembeni mwa Oxford Street, kituo cha treni ni Bond Street. Usiandike "Stratford" peke yake kwenye ramani, itakupeleka mashariki ya mji kwenye uwanja wa Olimpiki.

Mavazi. Ule upepo wa Dodoma wa Julai mnaoulalamikia, ghorofani juu huku unakuja na maji. Koti linalozuia upepo, kofia inayobana, hata Mei. Mabasi mengi yana kipande chenye paa mbele, kinajaa kwanza. Desemba jua linazama kabla ya saa kumi alasiri, kwa hiyo anza asubuhi. Juni kuna mwanga hadi saa tatu na nusu usiku, lakini usidanganyike: basi la watalii la mwisho huondoka mapema jioni, mengine saa kumi na moja, na linaweza kuishia njiani bila kumaliza mzunguko. Muulize dereva unapopanda mara ya kwanza, piga picha kibao cha saa kituoni.

Tiketi nyingi zina boti ya Mto Thames ndani yake. Itumie, mzee anapumzika foleni. Ila mara nyingi lazima upite dirishani gatini kubadilisha tiketi, na boti ya mwisho ina saa yake, si ile ya basi.

Choo ndani ya basi hakuna. British Museum na National Gallery kuingia ni bure, vyoo vyao pia, na mabegi makubwa ya magurudumu yaacheni hotelini, British Museum hawayapokei.