Kilimanjaro: Msitu Unaoshuka Mlima

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu, habari za mchana.

Kila tukizungumzia joto la dunia na Kilimanjaro, tunaonyeshwa barafu ya kilele cha Kibo. Ni kweli, zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwepo mwaka 1912 ilikuwa imetoweka kufikia 2007, na inauma. Lakini leo naomba mshushe macho kidogo, mtazame msitu.

Joto likizidi, mimea ya milimani hutarajiwa kupanda juu kufuata ubaridi. Kwetu imekuwa kinyume. Mwanaikolojia Andreas Hemp, aliyeupanda na kuuchunguza mlima huu kwa miaka mingi, alilinganisha picha za setilaiti za mwaka 1976 na za 2000. Mwaka 2005 akachapisha alichokiona: mpaka wa juu wa msitu umeshuka kwa mamia ya mita.

Kinachoushusha ni moto. Mkono wa mtu upo, tusijidanganye: mrina asali anafukiza nyuki, mwingine anaacha figa zina makaa. Lakini warina asali walikuwepo tangu enzi za mababu. Kilichobadilika ni ukavu. Mvua imepungua katika karne iliyopita, na cheche ambayo zamani ingezimikia kwenye kuvumwani mbichi, lile zulia laini linalofunika magome na ardhi, sasa inapata majani makavu na upepo. Mliokuwa hapa Oktoba 2020 mnakumbuka moshi wa ule moto mkubwa mlimani, na vijana waliopanda kuuzima moto kwa matawi mabichi na majembe.

Sasa fuateni mpangilio wa miti, maana hapa ndipo penye uzito. Chini kidogo, upande wa kusini wenye mvua, kuna miti ya mkulo. Ukipanda zaidi unakuta podo, miti mizito inayokua taratibu. Podo ikiungua hairudi upesi. Nafasi yake inashikwa na erika, mti unaochipua tena kutoka shinani baada ya moto. Moto ukipita mara ya pili na ya tatu kabla erika haijarefuka, unabaki na vichaka. Ukizidi kurudi, hata vichaka vinaachia nyasi. Kwa hiyo mtu anaweza kutazama mlima kutoka mji wa Moshi, akaona kijani, akaridhika, kumbe kijani kile si msitu tena.

Hasara yake ni maji. Kule juu ukungu hupita karibu kila siku. Majani madogo ya erika, pamoja na kuvumwani na zile nyuzi kama ndevu zinazoning'inia matawini, huukamata ukungu huo na kuudondosha ardhini tone kwa tone, hata siku isiyo na mvua. Kichaka kifupi hakikamati kiasi hicho. Hemp anasema wazi kwamba kwa upande wa maji, kupotea kwa misitu hii ya juu ni pigo kubwa kuliko kuyeyuka kwa barafu, nami nakubaliana naye kabisa. Mifongo, yaani mifereji ya kumwagilia vihamba vyetu, mashamba yetu ya nyumbani, mto Pangani, bwawa la Nyumba ya Mungu: vyote vinategemea msitu.

Ndiyo maana nikiulizwa kama tupeleke miche kule juu, najibu: kwanza zuieni moto. Wekeni mizinga ya kisasa chini, kwenye vihamba, ili mrina asali asiwe na sababu ya kuwasha mwenge msituni. Walipeni vijana wa doria miezi ya kiangazi, kabla moto haujawaka. Erika ikiachwa miongo kadhaa bila kuunguzwa, podo hupata kivuli cha kuotea chini yake.