Seneta Robert Byrd na Funguo za Hazina

Waheshimiwa wasikilizaji, wanaonifahamu wanajua kwamba nikipewa jukwaa lazima nitaishia kwenye bajeti, na leo nitafika huko kwa kumpitia Robert Byrd wa West Virginia, aliyekaa katika Seneti ya Marekani tangu Januari 1959 hadi alipofariki Juni 2010, muda ambao hakuna seneta mwingine aliyeufikia. Utoto wake naupitia mbiombio: mama yake alikufa katika janga la mafua la 1918, naye akalelewa na jamaa zake miongoni mwa wachimba makaa ya mawe.

Jambo lililonileta hapa ni fedha. Mwaka 1996 Bunge la Marekani, kwa hiari yake lenyewe, lilimpa rais kalamu ya kufuta kifungu kimoja kimoja cha matumizi katika sheria ambayo ameshaitia saini, ilhali Katiba inamtaka ama aukubali mswada wote ama aurudishe wote. Byrd alikuwa ameliona hilo likija. Mwaka 1993 alitoa hotuba 14 ndani ya Seneti kuhusu Seneti ya Roma ya kale, akieleza jinsi wazee wale walivyoziachia funguo za hazina kidogo kidogo mpaka wakabaki kumpigia makofi Kaisari. Hotuba 14, ndugu zangu, na hapa naona wengine wameanza kusinzia katika mhadhara mmoja! Sheria ilipopita, yeye na wenzake watano walikwenda mahakamani. Mwaka 1997 Mahakama ya Juu ikawaambia kwamba hawakudhurika kiasi cha kuwa na haki ya kushtaki. Mwaka uliofuata, katika shauri lililofunguliwa na jiji la New York na wengine, majaji 6 dhidi ya 3 wakaitengua sheria hiyo. Byrd alikuwa na nakala ya Katiba katika mfuko wa koti, upande wa moyo, na katikati ya maneno aliichomoa na kuwatikisia wenzake.

Najua kuna atakayenyanyuka kuuliza: si huyu aliyekuwa Ku Klux Klan, lile kundi la wazungu wabaguzi wa rangi? Ndiye, tena kiongozi wa tawi lao katika miaka ya 1940, na mwezi Juni 1964 alizungumza saa 14 na dakika 13 mfululizo, usiku kucha, ili kuukwamisha mswada wa haki za kiraia. Alikuja kuomba radhi tena na tena, lakini sikuja hapa kumvika kilemba cha ukoka. Wala sikatai kwamba mamilioni aliyoyavuta kwenda jimboni kwake yalijenga barabara na majengo yenye jina lake mwenyewe. Mimi nasema tu kwamba alijua funguo za hazina ziko mkononi mwa nani: mwa Bunge, si mwa rais.

Muda unanikimbia. Mwaka 1993, baada ya askari 18 wa Marekani kuuawa Mogadishu, kipengele cha sheria cha kukata fedha za operesheni ya kijeshi kule Somalia baada ya 31 Machi 1994 kilikuwa chake. Vita vya Iraki alivipinga mapema, akiwa miongoni mwa maseneta 23 tu waliopiga kura ya hapana Oktoba 2002. Na Februari 2003, vita vikiwa mlangoni, alisimama akalalamika kwamba ukumbi ule wa Seneti umekaa kimya, hakuna anayejadili.