Mwaka wa Nyanya Hauko Kwenye Kitambulisho
(Mhadhara uliotolewa Kisumu)

Wazee wetu, akina mama, na ninyi vijana mlioketi kule nyuma, hamjambo. Nitaanza na lile lile ambalo wengine wenu mmeshanisikia nikilisema, na nitalisema tena hadi lishike: wasifu wa nyanya hauandikwi usiku wa mkesha.

Vijitabu vyetu vya mazishi mnavijua. "Alizaliwa mwaka wa 1932. Aliolewa, akajaliwa watoto. Aliugua kwa muda mfupi." Miaka zaidi ya tisini imemalizwa kwa mistari mitatu, kisha kurasa sita za picha za wajukuu. Na katika hiyo mitatu, mara nyingi wa kwanza si kweli.

Kwa nini si kweli? Kipande cha mkoloni, ile hati ya utambulisho, kilikuwa cha wanaume. Sheria ya kuandikisha watu ilirekebishwa mwaka wa 1978 ndipo wanawake nao wakaingizwa. Kwa hiyo mama aliyezaliwa enzi za ukoloni alipanga foleni ya kitambulisho cha kwanza akiwa mtu mzima, pengine ana wajukuu. Akaulizwa mwaka. Kwao hakuna aliyeuandika. Karani akamtazama, akakadiria, akajaza, foleni ikasonga. Kadirio hilo ndilo mnalolichonga kwenye jiwe la kaburi!

Kuna anayenong'ona hapo: mwaka una faida gani, mama si alipendwa tu? Una faida. Mwaka ndio unaotuambia kama njaa ilimkuta mtoto wa kulishwa au mama wa kulisha. Ukimkosea miaka minane, umempa utoto wa mtu mwingine.

Sasa tufanye hesabu, na hapa nitakaa. Tuseme ni mama wa Bungoma, jina lake Nekesa. Jina limekwambia alizaliwa wakati wa mavuno. Hapo umepata msimu, mwaka bado. Na hata huo msimu uushike kwa kidole kimoja, maana huenda jina alirithi kwa shangazi aliyekufa. Nasike vivyo hivyo: lina nzige ndani yake, ila huenda nzige ni wa shangazi.

Usimwulize, "Ulizaliwa lini?" Atakutajia 1932, kwa sababu ndio anaoulizwa kila akienda hospitali. Muulize nzige walipokuja alikuwa akifanya nini. Akisema alikuwa amembeba mdogo wake mgongoni watu wakipiga madebe kuwafukuza, huyo ni msichana wa miaka 6 hadi 8. Wa miaka 4 hawezi kubeba mtoto, na wa miaka 12 angekuwa shambani na jembe.

Lakini nzige gani? Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Walianza kuja 1928, wakaharibu tena 1931, wakarudi miaka ya 1940. Basi muulize kama wachimbaji wa dhahabu walikuwa wamefika Kakamega. Akisema walimiminika punde baada ya nzige, uko 1931. Toa 7: umepata 1924.

Usiandike bado. Tafuta cheti cha ubatizo cha kifungua mimba wake. Tuseme mtoto alizaliwa 1944. Kwa kitambulisho, mama alizaa akiwa na miaka 12. Kwa hesabu yetu alikuwa na 20. Kisha mtafute kaka aliyemtangulia, au yeyote wa rika lake. Wabukusu wa Bungoma hutahiri miaka inayogawanyika kwa mbili, 1936, 1938, 1940. Familia ikikwambia kaka alitahiriwa 1937, kuna aliyechanganya, rudi ukaulize. Na uliza pia mama mwenyewe siku hiyo alikuwa na kazi gani: aliyetumwa maji na aliyesaga kimea cha pombe ya busaa hawalingani umri. Matukio matatu yakikubaliana ndani ya miaka miwili, andika "takriban 1924". Neno takriban msilionee haya. Ni la kweli kuliko tarehe kamili ya kubuni.

Kwa Wajaluo, Akinyi ni asubuhi na Atieno ni usiku: jina linakupa saa. Kwa majirani zetu Wakalenjin wa Nakuru na Kericho, Chepkoech ni alfajiri, na hapo uliza rika la mumewe. Kwa Wakikuyu jina hufuata nyanya wa zamani, basi anza na Hali ya Hatari ya 1952: alikuwa wapi, kwenye shamba la mzungu au kwao? Alikuwa na mtoto wa ngapi? Huku ziwani, mvua kubwa ya 1961 iliyolipandisha ziwa haisahauliki kwa aliyeiona. Na mkienda Kaimosi kwa kanisa la Marafiki (Quakers), msipoteze siku mkidai cheti cha ubatizo. Marafiki hawabatizi kwa maji. Ombeni kitabu cha washiriki.

Naoneshwa saa. Nitakimbia.

Kurekodi. Simu iwekwe juu ya kitambaa, umbali wa mkono mmoja kutoka kinywani mwake, laini zizimwe, redio izimwe. Msirekodi chini ya mabati mvua ikinyesha, hamtasikia neno. Asubuhi baada ya chai, dakika 40, basi. Akichoka anaanza kujibu "ndiyo" kwa kila kitu. Azungumze lugha yake ya mama, tafsiri itafuata. Saa moja ya sauti kwa kiwango cha kawaida ni karibu megabaiti 60, haimalizi simu ya mtu. Nakala ziwe tatu, kwenye vyombo vitatu, kwa watu watatu. Simu moja ikianguka ziwani, nyanya asianguke nayo.

Picha za zamani: andika majina nyuma kwa penseli laini. Kalamu ya wino hupenya hadi usoni. Na msizipeleke kufunikwa plastiki ya moto, joto huziharibu na plastiki haitoki tena.

Watoto waliokufa wachanga. Hili lilikuwa na saa yake nzima, nalipitisha kwa uchungu. Mama aliyezaa 9 na kulea 6 alizaa 9. Muulize majina yao mkiwa wawili tu, si mbele ya wajukuu, na akinyamaza, nyamaza naye. Akiyataja, muulize kama anataka yasomwe siku ile. Mke mwenza naye asifutwe. Wamesaga kwenye jiwe moja miaka mingi. Na kwao alikozaliwa pasiishie kwenye "binti ya marehemu fulani".

Wasifu wenyewe usizidi maneno 800. Hayo ni dakika 7 kwa msomaji asiyekimbia, na chini ya turubai yenye jua la saa saba, dakika ya nane hakuna anayeisikia. Nilikuwa na mambo ya mbegu zake na nyimbo zake, hayo yatangoja.

Aliyekuja na kitambulisho cha nyanya yake aje nacho hapa mbele. Mama mwenye leso ya kijani, naona umeshasimama. Karibu. Kwanza tuambie: nyanya bado anaongea vizuri asubuhi?